Penseli Ndani ya Kasha

Habari za kifo cha Ansbert Kamugisha nilizipata kwenye simu, katikati ya picha ya birika la umeme lililovunjika mpini na mtu mmoja anayeuliza nani ana mlango wa friji ya mafuta ya taa. Kundi letu ndivyo lilivyo. Linaitwa Vyombo Hai, na humo tumo watu kama arobaini wa Dar hii tunaokusanya vifaa vya nyumbani vya zamani: redio za mbao, feni za chuma, pasi, mashine za santuri. Wilfred ndiye aliyeandika. "Ndugu zangu, Mzee Ansbert hatunaye. Presha. Amefia njiani kwenda hospitali asubuhi hii." Chini yake mtu akaweka msalaba, mwingine mikono ya kuomba, na yule wa mlango wa friji akauliza tena kama kuna mwenye nao.

Mie sikuandika kitu. Nilikaa kwenye karakana yangu hapa Chang'ombe, randa mkononi, nikasema kwa sauti, "Sasa wewe Mhaya, ndo umefanya nini?" Nilimkasirikia. Najua marehemu hakasirikiwi, lakini nilimkasirikia hasa. Mtu gani anaondoka wakati mwenzie bado hajamwambia neno lake?

Tulikuwa hatujaonana miaka miwili na ushee, na kosa lilikuwa langu mie, Albano, fundi seremala, mtu mzima wa miaka sitini na sita. Nitalisema. Ila kwanza mjue alikuwa mtu gani.

Alitoka Kamachumu, huko Bukoba, akaja Dar mwaka sabini na tisa na cheti chake cha ufundi umeme. Akapata kazi kiwanda kimoja cha nguo hapahapa Chang'ombe. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walitoka getini na mabegi yao, yeye akatoka amekumbatia feni ya mezani aliyoiokota jalalani. Monica, mkewe, Mungu amrehemu, alikuwaga anasimulia kila tukikutana: "Wanaume wa wenzangu waliachishwa kazi wakarudi na huzuni. Wangu karudi na feni mbovu, anacheka." Feni ile aliitengeneza siku nne, ikazunguka, na ugonjwa ukamwingia hapo. Alipohamia Bunju, enzi hizo Bunju bado pori, alijenga banda la vyombo kwanza, nyumba baadaye. Wallahi, mie si Mwislamu lakini naapa: Monica alipikia nje mwaka mzima huku redio zimelala chini ya bati.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na ovaroli ya bluu yenye jina la kiwanda ambacho hakipo tena, penseli nyuma ya sikio. Kichwani majivuno ya kwao yote. Siku ya kwanza kuonana, mwaka tisini na nane, aliniletea kasha la redio lililoliwa na mchwa. Akasema, "Nimeambiwa wewe Mmakonde. Kama unachonga vinyago, hutashindwa na boksi."

"Boksi ni la viatu," nikamjibu. "Hili kasha. Na kama umekuja kunifundisha kazi yangu, rudi nalo."

Akacheka mpaka akakaa chini. Hakurudi nalo. Tangu siku hiyo kila kasha la redio lililopita mikononi mwake lilipita na mikononi mwangu, yeye nyaya, mie mbao, miaka ishirini na nne. Sikuwahi kuwa na ndugu wa kiume. Basi, huyo ndo alikuwa.

Kundi lilizaliwa kwake. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tulikuwa tunakwenda Bunju, kila mtu na chombo alichotengeneza. Unakichomeka mbele ya watu. Kikiwaka, tunapiga makofi matatu. Kikitoa moshi, mwenyewe anatununulia soda sote. Wilfred, muuza mchele wa sokoni Tandale, yule mgonjwa wa feni, katununulia soda nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Ansbert anapitisha sahani ya senene kutoka kwao, mie nakataa, nasema sili panzi, naye, kwa kuwa sie Wamakonde tunasifika kwa kula panya, anapaza sauti watu wote wasikie: "Mla panya kakataa senene! Ajabu ya Mungu!" Kisha ananiwekea bakuli langu la karanga, alilolitenga pembeni tangu asubuhi kwa sababu anajua sili senene.

Na alikuwa na desturi moja. Kabla hajafunga chombo chochote, anaandika ndani kwa penseli: tarehe, ugonjwa uliokuwepo, jina la aliyetengeneza. "Andika ndani," alikuwa anatuhimiza. "Atakayefungua baada yako asiwe kipofu." Alisema karithi kwa baba yake, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Mzee huyo alinunua redio ya mbao mwaka hamsini na tisa, ya betri, maana umeme kule ulikuwa ndoto, na ndani ya redio hiyo akawa anaandika kila kitu: siku aliyobadilisha betri, siku ya uhuru, watoto kuzaliwa, watu kufa. Hadithi hiyo nimeisikia mara mia. Ndo maana sina pa kujificha.

Mwaka 2022, mwezi wa sita, Ansbert alikuwa anamuaga binti yake wa pekee, Herieth, anaolewa. Akataka redio ya baba yake ikae meza kuu siku ya kumuaga. Akatoa vya ndani vyote, akaniletea kasha tupu kwa bajaji, akanipigia simu: "Albano, lipige msasa vizuri. Nataka ling'ae."

Mie sikuuliza ndani au nje. Yeye hakusema. Alikuwa na shughuli za watu mia mbili kichwani.

Nina ugonjwa wangu na mie: kazi ya nusu siiwezi. Nikamaliza nje, nikaligeuza, nikaona ndani kumechorwachorwa penseli, imefifia. Namba namba. Tisa, kumi na mbili, sitini na moja. Na maneno mawili matatu ya lugha nisiyoijua. Sasa mnielewe. Seremala anapopima mbao huandika vipimo kwa penseli, na seremala aliyefundishwa vizuri hufuta penseli yake kabla hajakabidhi kazi. Fundi aliyenifundisha kule Ndanda alikuwa anatuchapa kwa penseli iliyosahaulika. Nikajisemea, loo, huyu aliyetengeneza kasha hili mchafu kweli, kaacha vipimo vyake miaka yote hii! Nikachukua msasa. Kwanza wa kukwaruza, kisha laini, kisha vanishi mara tatu. Nilikuwa napiga mluzi. Katika yote, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilikuwa napiga mluzi.

Ansbert alikuja kulichukua mwenyewe. Akalisifia nje, akaligeuza, akatia mkono ndani. Akapapasa. Akapapasa tena kwa kidole gumba, polepole, kona hadi kona. Nikamwona anabadilika uso.

"Vipi?" nikamuuliza. "Kuna pamebaki?"

"Hapana," akasema. "Hakuna kilichobaki. Kazi safi, Albano. Kazi safi sana."

Akakaa kwenye benchi langu. Chai aliyoletewa na mke wangu hakuinywa. Alipoinuka alinigonga begani, akaondoka na kasha lake kwenye shuka.

Wilfred ndiye aliyeniambia, siku tatu kabla ya sherehe. Alimkuta Ansbert amelikodolea kasha, akamdodosa, akaja kwangu na sura ya msiba. "Kaka, hivi unajua ulifuta nini?"

Ningekuwa mtu, ningekwenda Bunju siku ileile nikapige magoti. Lakini niliwaka. Nilipiga kelele mpaka mke wangu, Filomena, katoka jikoni na mwiko mkononi. Kwa nini hakuniambia? Mtu anampelekea fundi kumbukumbu ya ukoo mzima kama anampelekea stuli? Mie mchawi, nijue?

"Unagombana na nani?" Filomena akauliza.

"Na Ansbert!"

"Ansbert hayupo hapa, Baba Jeni."

Ndo hivyo. Sherehe ya Herieth sikwenda, nikasema mgongo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikafika, mgongo. Ya pili, mgongo. Ansbert akapiga simu, nikaiangalia inaita mpaka ikanyamaza. Mara akatuma sauti yake: "Albano, nimepata feni ya kusimama. Kitako chake cha mbao kimeoza. Njoo bwana, nani mwingine atakitengeneza?" Nikamwandikia neno moja, "Nitakuja." Sikwenda. Aibu ukiilaza siku moja, kesho yake imeongezeka uzito, na mie niliilaza siku mia nane. Kila nilipotaka kuinuka niliiona imekuwa nzito zaidi, nikakaa tena. Mtu anachoka. Hata kuona haya kunachosha.

Walimuaga Bunju kabla ya kumsafirisha kwenda kuzikwa kwao. Nilipanga foleni na watu, nikapita, nikamwangalia usoni. Walimvisha suti. Penseli hawakumwekea. Nilifungua mdomo nimwambie pale pale, mbele ya kwaya, lakini nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma, nikasogea.

Siku chache kabla ya misa ya arobaini yake, Herieth akanipigia.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Pole tena."

"Nishapoa. Baba mdogo, tunakuomba uje mapema siku ya misa. Shangazi Jovina anatoka Bukoba. Anasema babu aliandika siku aliyozaliwa ndani ya ile redio, na yeye hajawahi kuijua. Tunataka kuifungua, ila tunaogopa kuivunja. Tukasema tukusubiri wewe, kasha si umelitengeneza wewe?"

Nikasema, "Sawa mwanangu." Ningesema nini? Nikakata simu, nikaketi juu ya rundo la mbao.

Filomena alikuwa amesikia. "Utakwenda," akasema.

"Nitawaambia naumwa."

"Mgongo?"

Nikajipangusa vumbi la mbao magotini.

"Huo mgongo umesema uongo mwingi kuliko wewe mwenyewe. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Kilio kishakuja, Mama Jeni. Mtu kashazikwa."

"Basi ndo ujue umechelewa," akasema. "Hujasamehewa kwenda."

Jumamosi hiyo ya misa Wilfred alinipitia na kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, nyuma magunia matupu ya mchele. Tukafika Tegeta. Tulipoipita, akaanza: "Kaka, yaliyopita si ndwele."

"Wilfred, endesha gari."

"Nasema tu. Mie sitasema kitu pale. Redio za zamani zinaingiaga unyevu. Zinaingiaga mende. Nani atajua?"

Nikamwangalia. Alikuwa anasema kwa mapenzi, na mie nilikuwa nimeshaliwaza hilo usiku kucha kabla hajalisema. Ndilo lililoniaibisha.

Misa ikaisha, watu wakala pilau, majirani wakaanza kutawanyika. Tukaingia bandani: Herieth, Wilfred, mie, na wanachama kama sita waliokuja na mashati yao ya kanisani. Vyombo vimejaa kama alivyoviacha, vimefutwa vumbi. Redio ya mzee ilikuwa juu ya meza ya kazi, inang'aa. Kazi yangu. Kwenye stuli mbele yake ameketi mama mmoja wa makamo, kitenge cheusi, urefu uleule wa Ansbert, pua ileile.

"Ndo wewe Albano?" akaniuliza.

"Ndimi. Shikamoo dada." Ningeweza kuwa kaka yake, lakini ndilo lililonitoka.

"Mh! Shikamoo ya nini, unaniongezea miaka na yangu yenyewe siijui." Watu wakacheka kidogo. "Kaka alikuwa anakutaja kila akipiga simu. Albano hivi, Albano vile. Nikadhani utakuwa mtu mkubwa."

Akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake cha taifa, akanionyesha. "Ona. Tarehe moja mwezi wa saba. Asiyejua siku yake huandikiwa hiyo. Kijiji chetu kizima tumezaliwa tarehe moja mwezi wa saba, siku tukiamua kusherehekea mbuzi wataisha. Mie nina siku yangu. Baba aliiandika humo. Mama alifariki mie mdogo, baba naye hakuwa mtu wa kuulizwa mambo. Nikasema, si imo ndani ya redio, haitapotea."

Akakifumbata kitambulisho ndani ya kiganja.

"Nilimwomba Ansbert anifungulie anisomee tu kwa simu. Miaka miwili! Kila nikipiga: wiki ijayo. Mara nimepoteza bisibisi. Fundi kapoteza bisibisi, jamani! Mwisho nikamtolea maneno. Nikamwambia anathamini mafeni kuliko dada yake wa tumbo moja. Hakunijibu. Akasema tu, 'Pole, Jovina.' Tukawa hatusemeshani miezi mitatu, ndo nikapigiwa simu amekufa." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Fungua, baba. Nimesafiri siku mbili."

Kumbe hakukuwa na deni langu peke yangu pale. Ansbert alikuwa amekaa katikati, huku mie, huku dada yake, akatusitiri wote wawili, akatukanwa.

Nikatoa skrubu nne za nyuma. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Nikavuta kibao cha nyuma taratibu, Herieth akawasha tochi ya simu, akamulika ukuta wa ndani wa kasha. Nilikuwa nasubiri kuona vanishi yangu tupu.

Kulikuwa na maandishi. Penseli mpya, nyeusi, mistari imenyooka, mwandiko wa Ansbert ule uliokuwa umo ndani ya kila kitu bandani humo.

"Baba kaandika," Herieth akasema. Akaanza kusoma. "'Maandishi ya mzee yalifutika. Nimeandika tena ninayoyakumbuka. A.K., Juni 2022. Redio imenunuliwa Bukoba mjini, 1959. Uhuru, 9.12.61, majirani walijaa mpaka migombani, betri ilikata kabla ya alfajiri. Jovina…'"

Akasogeza tochi karibu zaidi.

"Soma," shangazi yake akasema.

"'Jovina kuzaliwa, 1962.' Siku na mwezi hajaandika. Kaacha nafasi, kachora mstari. Halafu anasema: 'Tarehe imenitoka. Ninalolikumbuka mzee aliandika hivi: betri imekwisha, siendi mjini kununua nyingine wiki hii wala ijayo, sitaki kumwacha mtoto.'"

Herieth akaendelea, mama yao kafariki, Ansbert kapelekwa shule, mafuriko ya mwaka fulani, kila penye namba iliyomtoka pana mstari mtupu. Nilihesabu mistari saba. Chini kabisa: "'Kasha limesafishwa na Albano, Chang'ombe, 2022. Kazi safi.'"

"Yalifutika na nini?" Jovina akauliza. "Redio ilikuwa ndani ya nyumba siku zote."

"Unyevu," Wilfred akasema haraka. "Vitu vya zamani, mama, unyevu unavila sana. Na mende." Wenzetu wawili wakaitikia, eti ni kweli, mende. Herieth naye akatikisa kichwa kukubali. Mambo yakawa yamekwisha. Ansbert mwenyewe alikuwa ameniachia njia wazi, kanisafisha kwa mkono wake, ilibaki nifunge skrubu nne nirudi nyumbani.

Nilichoka. Sijui niseme vipi. Nilichoka na mgongo wangu wa uongo, na simu zilizoita mpaka zikanyamaza.

"Si unyevu," nikasema. "Ni mie. Niliyaona nikadhani vipimo vya seremala. Nikayapiga msasa. Alipokuja kulichukua aliligundua hapohapo, hakunilaumu. Na nilipokuja kuambiwa nilichokifanya, nilimnunia yeye. Miaka miwili. Aliniita, sikuja. Sijamwomba radhi mpaka leo, na yeye ndo huyo kaondoka."

Wilfred akainama kuzima feni aliyokuja nayo, iliyokuwa inalia gwara gwara pembeni.

Jovina akanigeukia. "Kwa hiyo bisibisi hakupoteza."

"Hakupoteza."

"Angeniambia ni wewe, ningekuja Dar hii nikupige."

"Nadhani ndo maana hakukuambia."

Hapo akalia. Si kilio cha msibani cha kupokezana, alilia kwa uchovu, mabega yameanguka. "Nimemtukana," akawa anasema. "Nimemtukana mtu anasitiri watu. Yesu wangu, nimemtukana bure." Herieth akamshika. Mie nikasimama pale na bisibisi mkononi, sina pa kuiweka.

Alipotulia, nikamwambia, "Nisamehe, dada."

"Leo siwezi," akasema. "Nakwambia ukweli, baba, leo sina nguvu hiyo. Nitazame mwenyewe nilivyo. Labda mwakani." Akapenga kamasi. Kisha akamgeukia Herieth. "Hebu soma tena pale pa betri."

Herieth akasoma tena: siendi mjini wiki hii wala ijayo, sitaki kumwacha mtoto.

"Baba yangu huyo?" Jovina akasema. "Yule mzee mkali? Asisikilize redio wiki mbili kwa ajili yangu?" Akakirudisha kitambulisho mkobani. Akanyoosha mkono juu ya meza ya kazi, akaokota kipande cha penseli kilichobaki kwenye kopo la Ansbert, akanipa.

"Andika ndani," akasema. "Kaka si ndivyo alivyokuwa anasema? Atakayefungua asiwe kipofu. Andika ulichofanya. Pale pangu usipaguse, usije ukanitungia tarehe."

Nikainama, kichwa ndani ya kasha, Wilfred akanimulikia. Nikaandika chini ya neno "Kazi safi": "Si safi. Mie Albano nilifuta maandishi ya mzee, 2022. Sikwenda kuomba radhi." Nikaweka tarehe ya siku hiyo. Herufi zikapanda na kushuka. Mistari saba ya Ansbert nikaiacha mitupu kama alivyoiacha.

Tukaifunga. Wilfred akaichomeka, kwani Ansbert alishaigeuza ya umeme zamani, na hata arobaini kwetu ni Jumamosi ya kundi. Zile balbu zake za ndani zilichukua muda kupata joto, kisha redio ikakoroma tu, haikushika stesheni. Tukapiga makofi matatu hivyohivyo. Jovina alitushangaa, lakini la tatu akapiga na yeye.

Wakati wa kuondoka Herieth akanishika mkono, akanipeleka kona ya banda nyuma ya friji. "Hii sijui tuifanyeje," akasema. "Baba alikataa isiguswe." Ilikuwa feni ya kusimama, chuma kizito, kitako cha mbao kimeoza upande mmoja. Amekifungia kadi kwa waya: Machi 2023, mota nzima, kitako subiri Albano.

Wilfred akaibeba yeye mpaka kwenye gari.

Sasa iko hapa karakanani Chang'ombe, inanitazama. Nimepata kipande kizuri cha mninga, ila sijaanza kukata, nguvu sina. Kupima nimeshapima. Vipimo nimeviandika kwa penseli upande wa chini, na havitafutwa.